Kabla ya Kutuma Pendekezo kwa Jumuiya ya Programu Huria: Mwongozo Kamili

Tuseme kliniki moja ya Kayole, Nairobi, inatumia programu huria ya kupanga miadi, yaani programu ambayo msimbo wake (maagizo yanayoiendesha) uko wazi kwa wote. Programu inamtumia mgonjwa SMS: "Miadi yako ni Jumanne saa 9:00." Mgonjwa anasoma saa tisa, anamalizia shughuli zake za sokoni, kisha anafika saa tisa alasiri. Daktari alimtarajia saa tatu asubuhi. Aliyetafsiri ujumbe aliweka "saa" mbele ya tarakimu zinazotolewa na mfumo, na mfumo unahesabu kuanzia usiku wa manane huku mgonjwa akihesabu kuanzia mapambazuko.

Wewe ndiye fundi wa kompyuta wa kliniki hiyo, na unataka kuwaomba wanaotunza programu waiwezeshe kuonyesha saa kwa Kiswahili. Mfano ni wa kubuni, ila vikwazo vyote tutakavyovikuta ni vya kweli, ndiyo maana nimeuchagua. Kwa nje unaonekana kazi ya dakika kumi. Ukiuchimba unakuta kalenda, gharama ya SMS, mila za usiku na mchana, na hata uwezekano kwamba pendekezo lenyewe halihitajiki.

Kishawishi ni kuandika usiku huo huo, hasira ikiwa bado moto. Wengi hufanya hivyo. Kinachofuata ni kwamba msomaji wa kwanza, mara nyingi mtu anayejitolea baada ya kazi ya mshahara, anauliza swali moja jepesi: nani mwingine ana shida hii? Jibu likikosekana, mjadala unalala hapo. Kwa hiyo kazi kubwa ni ile inayofanyika kabla ya kubofya kitufe cha kutuma, na itakuchukua wiki kadhaa ukiifanya jioni jioni.

Hatua ya 1: Andika tatizo peke yake

Fungua faili tupu uandike sentensi tatu hivi. Nani anaumia, anaumia wakati gani, na hali ingekuwaje kama mambo yangekuwa sawa. Suluhisho lisitajwe kabisa. "Mfumo uongezewe saa za Kiswahili" ni suluhisho. "Wagonjwa wanaopokea ujumbe wa Kiswahili hufika saa sita kabla au baada ya muda wa miadi" ni tatizo.

Nasisitiza hili kwa sababu ukitanguliza suluhisho, watu watajadili suluhisho, na likianguka linazikwa pamoja na tatizo lako. Mtu aliyeko Berlin akisikia "saa za Kiswahili" atadhani unaomba pambo. Akisikia kwamba mgonjwa wa kisukari amekosa kliniki kwa sababu ya ujumbe uliotumwa na programu yake, atakaa kitako asome.

Ukishaandika, bana zaidi. Mfumo ukitumia saa 24, miadi ya 15:00 haimchanganyi mtu, kwa kuwa hakuna saa kumi na tano katika hesabu yetu. Shida iko kwenye miadi ya 6:00 hadi 12:00 tu, na kliniki nyingi huona wagonjwa asubuhi. Mfumo ukitumia saa 12, hata miadi ya mchana inaingia hatarini: "saa 3:00" iliyokusudiwa alasiri inasomwa saa tatu asubuhi. Mistari hii miwili inamwonyesha msomaji kwamba umelikagua tatizo, hujalisikia tu.

Hatua ya 2: Toka ukusanye ushahidi

Hapa mtu wa Nairobi ana mtaji ambao watunzaji wa programu hawana. Wao hawawezi kukaa kwenye benchi la mapokezi Kayole. Wewe unaweza.

Omba ruhusa ya msimamizi wa kliniki, kisha kaa asubuhi mbili tatu uzungumze na watu wanaosubiri. Waonyeshe ujumbe kwenye simu na uulize swali moja: "Ukipata ujumbe huu, ungefika hapa wakati gani?" Usiulize, "Je, ujumbe huu unakuchanganya?" Watu wetu ni waungwana, hasa mbele ya mtu mwenye kalamu na daftari, na swali lililobeba jibu lake hurudishiwa jibu hilo hilo. Mzee atakuitikia "ndiyo, mwanangu" ili usiondoke mikono mitupu.

Andaa matoleo manne ya ujumbe: "saa 9:00", "9:00 am", "9:00 asubuhi" na "saa tatu asubuhi". Mtu mmoja aone toleo moja tu, maana akiona mawili ataanza kukisia unachotafuta. Andika alichojibu, umri wake kwa makadirio, na lugha anayotumia kwenye simu. Toleo la tatu usiliache hata kama unaliona halina maana. Tutalirudia, na huenda likakushinda.

Utakutana pia na majibu usiyoyapenda. Kijana aliyekulia na simu mkononi huona 9:00 akasema "saa tatu" bila kusita, maana ndivyo anavyosoma saa ya simu yake kutwa nzima. Jibu lake liingie kwenye hesabu kama lilivyo. Pendekezo linalosema "waliochanganyikiwa ni hasa watu wazima wanaopokea ujumbe wa Kiswahili, vijana wengi hawakupata shida" linaaminika kuliko linalodai kila mtu anateseka. Na usiseme "Waswahili wote". Ulichopima ni kliniki moja ya Nairobi, si Lamu wala Mwanza. Sema hivyo waziwazi.

Watu ishirini waliohojiwa vizuri wanatosha kuanzia. Nawaamini kuliko watu mia mbili waliobofya kidole gumba kwenye kundi la WhatsApp.

Kisha kuna daftari la kliniki lenyewe. Kama mfumo unahifadhi muda wa miadi na muda mgonjwa alipofika, linganisha waliopokea ujumbe wa Kiingereza na waliopokea wa Kiswahili. Watu wanaofika wakiwa wamechelewa kwa karibu saa sita kamili, na wengi wao wawe wa kundi moja, ni ushahidi mgumu kubishiwa. Foleni na matatu huchelewesha mtu saa moja au mbili. Haziwezi kuchelewesha kundi zima kwa saa sita.

Tahadhari moja ambayo haina mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Usiweke hadharani picha ya skrini yenye jina, namba ya simu au tarehe ya kliniki ya mtu, hata ukiwa umeipaka wino. Tunga ujumbe wa mfano wenye taarifa za uongo. Kutoka kwenye daftari, chukua jumla tu, tena kwa idhini ya kliniki.

Hatua ya 3: Watafute waliokutangulia

Anza na tiketi zilizofungwa, yaani taarifa za kasoro na maombi ambayo mradi ulishayamaliza. Watu hutafuta zilizo wazi pekee na kukosa nusu ya historia. Tafuta kwa maneno mengi: jina la lugha, "locale", "time format", "12-hour", "AM/PM". Tafuta pia "Ethiopia", kwa sababu Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri, na inawezekana mtu wa Addis Ababa alishaleta shida hii miaka kadhaa iliyopita kwa jina lingine. Ukimpata, pendekezo lako limeacha kuwa ombi la lugha moja.

Msomaji wa mbali atataka kujua kwa nini watu wahesabu hivyo, basi mpe sentensi moja. Huku karibu na ikweta jua la Nairobi huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwaka mzima halisogei zaidi ya nusu saa hivi. Mapambazuko yanategemeka kuwa mwanzo wa hesabu, jambo ambalo Stockholm lisingewezekana.

Halafu ingia ndani ya msimbo kwa git, programu inayotunza historia ya mabadiliko yake. Amri ya `git log --grep="time format"` inatafuta katika maelezo ya mabadiliko ya zamani, na `git log -S"formatTime"` inaonyesha kila badiliko lililoongeza au kuondoa maneno hayo kwenye msimbo. Wakati mwingine utagundua kwamba kipengele unachokitaka kiliwahi kuwekwa kikaondolewa, na sababu imeandikwa hapo. Kuna mtego mmoja kwa anayebana bando: ukipakua mradi kwa `--depth 1` ili kuokoa data, unapata toleo la mwisho tu bila historia, na utafutaji wako utarudi mtupu ukadhani hakuna aliyewahi kuligusa jambo hilo. Tafuta mahali penye Wi-Fi, pakua historia yote mara moja. Baada ya hapo unaweza kutafuta hata mtandao ukikatika.

Nje ya mradi, angalia hazina ambazo programu nyingi huzitegemea. Kwa suala letu hazina hiyo ni CLDR ya shirika la Unicode, ambamo simu na vivinjari huchota majina ya miezi, siku na mipangilio ya tarehe. Kiswahili kimo, tena kikiwa na data za Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, na majina ya vipindi vya siku kama asubuhi, mchana, jioni na usiku. Lakini herufi za kupangia saa humo, yaani h, H, K na k, zote huhesabu kuanzia usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna herufi ya saa inayoanzia alfajiri. Kwa hiyo programu inayofuata CLDR kwa uaminifu, ikiongeza kipindi cha siku, itatoa "9:00 asubuhi", jambo ambalo hakuna mtu wa Kayole hulitamka hivyo, ingawa kulielewa ni kitu kingine.

Ugunduzi huu unaleta swali: je, pendekezo lako liende kwenye programu ya miadi au kwa Unicode? CLDR hutoa matoleo makubwa mara mbili kwa mwaka, na badiliko la aina hii lingegusa programu zisizohesabika. Maoni yangu ni kuanza na mradi mdogo, ila useme kwenye pendekezo kwamba ngazi ya juu unaijua na ueleze kwa nini hukuanzia huko.

Kuhusu mawazo yaliyokataliwa, Python, lugha ya kuandikia programu, inatoa funzo zuri. Kwa miaka mingi watu waliomba kauli ya kuchagua kati ya hali nyingi, kama "switch" iliyomo katika lugha nyingine. PEP 275 (PEP ni pendekezo rasmi la kuiboresha Python) ilikuja mwaka 2001. Mwaka 2006 Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, aliandika PEP 3103, kisha mwaka 2007 akalikataa pendekezo lake mwenyewe baada ya kuwauliza waliohudhuria mkutano wa PyCon na kuona haliungwi mkono. Mwaka 2020 yeye na wenzake walirudi na PEP 622, ambayo haikuomba "switch" tena. Iliomba njia ya kutambua umbo la data na kuifungua kwa pamoja. Mjadala ulipokuwa mzito, waliigawa sehemu tatu: PEP 634 kwa ubainifu, 635 kwa maelezo ya sababu, na 636 kwa mafunzo. Ikaingia katika Python 3.10, Oktoba 2021.

Kwa hiyo ukikuta wazo lako lilishakataliwa, usifiche na usikate tamaa. Taja kukataliwa huko kwenye aya ya kwanza, weka kiungo, kisha sema nini kimebadilika tangu wakati huo. Kama hakuna kilichobadilika, hiyo nayo ni taarifa, na umeokoa wiki zilizobaki.

Hatua ya 4: Jua anayeamua

Soma faili la CONTRIBUTING (maelekezo kwa wanaotaka kuchangia) na maelezo ya uongozi wa mradi. Taratibu hutofautiana sana. Kwa Python, asiye mmoja wa watengenezaji wakuu anahitaji mdhamini kati yao kabla ya PEP yake kupokelewa. Kwa Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu, kuna kipindi cha mwisho cha maoni cha siku kumi kabla ya uamuzi. Miradi ya Apache, taasisi inayosimamia programu huria nyingi, kwa kawaida huacha kura wazi kwa angalau saa 72, ili walio pande nyingine za dunia wawahi kuamka na kusoma. Mradi mdogo unaweza kuwa na watu wawili tu, na utaratibu wao wote ukawa ni kauli moja: "leteni tuone."

Soma mapendekezo matatu yaliyokubaliwa karibuni na mawili yaliyokataliwa. Iga umbo la yale matatu: urefu, mpangilio, hata namna ya vichwa. Angalia nani hujibu, na nani akisema "hapana" mjadala huisha. Huyo ndiye utakayemwandikia kichwani mwako.

Ukiwa bado na shaka, tuma swali la mistari miwili kwenye sehemu yao ya maongezi: unachunguza jambo fulani, je, kuna mjadala wa zamani hujauona? Swali hilo halimchoshi mtu, na wakati mwingine jibu linakuletea mshirika.

Hatua ya 5: Pima kila njia nyingine, hata ile inayoua wazo lako

Hii ndiyo hatua inayotenganisha pendekezo lililofanyiwa utafiti na malalamiko yaliyopambwa. Orodhesha njia zote, kila moja uitetee kana kwamba ni yako.

Kuacha mambo yalivyo ni njia halali. Gharama yake ni wagonjwa wanaokosa daktari, nawe sasa una hesabu ya hao.

Kurekebisha tafsiri tu: ondoa "saa", andika "Jumanne 9:00 asubuhi". Hapa ndipo pendekezo lako linatetemeka. Saa tisa haiwi asubuhi. Ni ya alasiri au ya usiku. Kwa hiyo neno "asubuhi" peke yake linaweza kumtosha msomaji. Badiliko hilo ni la mstari mmoja kwenye faili la tafsiri na halihitaji pendekezo lolote. Rudi kwenye majibu uliyokusanya. Kama waliosoma toleo hilo walielewa sawa na waliosoma "saa tatu asubuhi", tuma rekebisho la tafsiri uende zako. Kama wazee bado walisita, sasa una sababu ya kuendelea, na una jibu la swali la kwanza utakaloulizwa.

Kusogeza saa za eneo: ni ujanja wa kuupa mfumo eneo lililo nyuma yetu kwa saa sita ili 9:00 ionekane 3:00. Saa ya Nairobi ni UTC+3 (saa tatu mbele ya saa rejea ya dunia), hivyo ungechagua eneo la UTC-3. Kwenye skrini inapendeza, kwenye kumbukumbu ni balaa: tarehe itabadilika saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku, na mtoto aliyezaliwa saa kumi na moja alfajiri Jumanne ataandikwa kuwa wa Jumatatu. Eleza haya ili asitokee mtu wa kulipendekeza kwenye mjadala.

Kubadilisha maonyesho peke yake: muda unahifadhiwa kama ulivyo, kwa mfumo wa ISO 8601 (kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe na saa), na unageuzwa tu wakati wa kuuandikia ujumbe. Kuna swichi ya kuiwasha, na kwa kawaida imezimwa, ili kliniki za kwingineko zisiguswe. Tuseme hili ndilo chaguo lako.

Sasa lisumbue chaguo hilo. SMS moja hubeba herufi 160, na ikizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153, kila kipande kikilipiwa. "9:00" ni herufi nne. "Saa tatu asubuhi" ni 16 ukihesabu nafasi. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi" ni 33. Kliniki inayotuma maelfu ya ujumbe itauliza, na ni haki yake. Herufi za Kiswahili zote zimo katika seti ya kawaida ya SMS, ila kuna shimo dogo: ile alama ya juu iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka katika "ng'ombe" au "ng'ambo" haimo, na ikinakiliwa ndani ya kiolezo, ujumbe mzima hushuka hadi herufi 70. Tumia alama iliyonyooka.

Kisha usiku. Kwa Waswahili wengi, hasa pwani, siku huanza jua linapozama, hivyo "usiku wa Jumanne" ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Mtu wa ofisini Nairobi atauelewa kuwa usiku unaofuata. Kliniki ya mchana haiguswi, lakini hospitali yenye zamu za usiku inaguswa. Pendekezo linaweza kusema kwamba miadi ya usiku itaandikwa pamoja na tarehe kamili, au kwa "usiku wa kuamkia Jumatano". Si lazima uwe na jibu la kila kitu. Ukilitaja kama swali lililo wazi kabla hawajakuuliza, umeonyesha unajua ardhi unayoikanyaga.

Hatua ya 6: Tengeneza kielelezo kidogo

Usiandike kipengele kizima. Ukileta mistari elfu mbili ya msimbo pamoja na wazo ambalo hakuna aliyelikubali, unawalazimisha watu kukataa jasho lako badala ya kujadili wazo. Andika kiasi cha kuthibitisha kwamba linawezekana. Kiini cha mfano wetu ni mistari miwili:

def saa_ya_kiswahili(h):
    return (h + 6) % 12 or 12

Jaribu pembeni pembeni, pale mambo hukosewa: 0 itoe 6, 6 itoe 12, 13 itoe 7, 18 itoe 12. Kazi ngumu iko kwenye vipindi: jioni inaishia wapi na usiku unaanzia wapi? Hapo tumia mipaka ya CLDR badala ya kubuni yako, maana wakibishana watabishana na hazina inayojulikana, si na wewe. Weka msimbo kwenye tawi lako mwenyewe (nakala ya kazi iliyo pembeni ya mradi) pamoja na majaribio yake, na kwenye pendekezo weka kiungo tu.

Sema pia nani atakitunza kipengele hiki baada ya miaka miwili. Watunzaji huogopa sana wageni wanaoleta kitu na kutoweka. Kama unaweza kuahidi kujibu tiketi zake, ahidi. Kama huwezi, nyamaza.

Hatua ya 7: Andika

Kurasa mbili zinatosha, tatu zikizidi. Mpangilio unaofaa karibu kila mahali ni huu: muhtasari wa aya moja, tatizo na ushahidi, pendekezo lenyewe, athari kwa watumiaji wa sasa, hasara, njia zilizozingatiwa, yaliyofanyika kwingine, na maswali yaliyobaki. Kiolezo cha Rust kina sehemu ya hasara ambayo mwandishi anatakiwa kuijaza mwenyewe. Kile cha Python kina sehemu ya mawazo yaliyokataliwa na nyingine ya jinsi ya kuwafundisha watu badiliko hilo. Zitumie hata kama mradi wako hauziombi.

Tumefundishwa shuleni barua yenye anwani mbili, "RE:" iliyopigiwa mstari, na matumaini kwamba barua itamkuta mpokeaji akiwa buheri wa afya. Huku haitakiwi. Wala usimwite mtu "Sir". Jina lake linatosha, na hakuna atakayeona umekosa adabu. Adabu yao ni kutopoteza muda wa msomaji. Usianze pia kwa kuomba radhi kwa Kiingereza chako. Sentensi fupi zilizo wazi zinatosha, na wasomaji wako wengi nao Kiingereza walikisomea darasani.

Mimi hushauri aya ya tatizo iandikwe kwanza kwa Kiswahili, hata kama itatumwa kwa Kiingereza. Mambo unayoyaficha nyuma ya istilahi za kompyuta hayafichiki unapomweleza mtu wa nyumbani. Inaweza kuwa hivi:

"Ujumbe wa Kiswahili unaotumwa na programu huweka 'saa' mbele ya tarakimu zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Wasomaji wengi wa Kiswahili huhesabu kuanzia alfajiri, hivyo 'saa 9:00' huwa alasiri kwao. Katika kliniki moja ya Nairobi tuliwaonyesha wagonjwa matoleo manne ya ujumbe. Matokeo yako hapa chini, pamoja na mipaka ya uchunguzi wetu. Tunapendekeza mpangilio wa maonyesho, uliozimwa kwa kawaida, usiogusa data iliyohifadhiwa."

Akili bandia inaweza kukusaidia kunyoosha sarufi. Isikuandikie hoja. Daniel Stenberg, anayeongoza mradi wa curl (programu ya kuhamisha data mtandaoni), amelalamika hadharani kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na mashine zikiwa na kasoro ambazo hazipo kwenye msimbo, na watunzaji wengi sasa wana pua kali ya kunusa maandishi ya namna hiyo. Kila kiungo ukifungue mwenyewe. Kila namba ya tiketi uihakiki.

Hatua ya 8: Mpe mtu alirarue

Tafuta wasomaji wawili. Mmoja awe mwanaprogramu asiyeufahamu mradi huo. Nairobi hawakosekani, kuanzia Chiromo na Strathmore hadi kwenye vituo vya teknolojia vya Ngong Road. Usimwombe maoni, maana atakwambia "iko poa". Mpe kazi: atafute sababu tatu za kulikataa. Wa pili awe dada wa mapokezi au muuguzi aliyeiona shida kwa macho yake. Msomee sehemu ya tatizo kwa Kiswahili umuulize kama ndivyo ilivyo. Huyu wa pili hurekebisha mengi kuliko unavyotarajia, kwa mfano kukwambia kwamba wagonjwa wengi husomewa SMS na watoto wao, jambo ambalo hukuliuliza mtu yeyote kwenye benchi.

Hatua ya 9: Tuma, kisha kaa nalo

Chagua siku ambayo utakuwa na nafasi, stima na mtandao kwa siku tatu nne zinazofuata. Ijumaa jioni haifai. Kumbuka pia kwamba saa yetu haibadiliki mwaka mzima ila yao hubadilika: saa tatu asubuhi ya San Francisco ni saa mbili usiku hapa wakati wa baridi yao, na saa moja usiku wakati wa kiangazi. Jumanne au Jumatano mchana wetu huwapata wa Ulaya wakiwa kazini na wa Marekani wakiamka.

Usijibu kila maoni dakika yanapoingia. Yakusanye, ujibu mara moja kwa siku, na kila hoja iliyokubalika uiingize ndani ya hati yenyewe ili anayekuja wiki ijayo asilazimike kusoma majibu arobaini. Joto la mjadala huchosha hata wakubwa: Julai 2018, baada ya mabishano ya PEP 572, ambayo ilikubaliwa, Guido van Rossum aliachia uongozi wa Python. Ukiona maneno yanaanza kuwa makali, uliza swali la ukweli au nyamaza hadi kesho.

Uamuzi ukiwa "rekebisheni tafsiri tu", tuma rekebisho hilo siku hiyo hiyo, weka kiungo cha mjadala kwenye maelezo yake, na ufunge tiketi yako mwenyewe. Ukikataliwa bila sababu, omba kwa upole sababu iandikwe kwenye tiketi, hata kwa sentensi moja. Mtu wa Kisumu au Addis Ababa atakayetafuta kwenye tiketi zilizofungwa miaka mitatu ijayo ataihitaji.